Fahamu: Tiba ya mguso kwa wanaume wapenzi wa jinsia moja ni nini?

Ni mafunzo yanayounganisha kukandwa mwili, kupumua kwa kina na mazungumzo, ili mtu apone majeraha ya hisia na kuzoea ukaribu bila aibu.

Ilianzia wapi?

Joseph Kramer alianzisha Body Electric School huko Oakland, California, mwaka 1984, UKIMWI ukiwaua wanaume hawa na wengi wakiogopa hata kuwashika mkono. Hapo ndipo uzito wa tiba hii ulipo: aliyenyimwa mguso kwa sababu ya hofu hatoshelezwi na maneno peke yake.

Je, si ngono iliyovikwa jina la tiba?

Shaka hiyo ni ya haki, maana mkandaji anaweza kumdhulumu mteja. Kwa hiyo ridhaa na mipaka lazima vikubaliwe kabla, na mteja aweze kusitisha anapotaka. Na hata akipata tiba hii, mwenye sonona bado anahitaji mtaalamu wa afya ya akili.