Kuchagua Mitambo na Programu za Kamera za Ulinzi: Mfano wa Majumba ya Kupangisha ya Kamakis

Utangulizi

Kamakis ni eneo la Ruiru, katika Kaunti ya Kiambu, kandokando ya barabara ya Eastern Bypass. Eneo hili husifika kwa nyama choma, na vilevile limejaa majumba ya kupangisha ya orofa nyingi. Kamera ya ulinzi langoni si jambo geni tena huko. Hata hivyo, kuwapo kwa kamera si sawa na kuwapo kwa ushahidi. Pikipiki ya mpangaji inapoibwa, huenda ikabainika kuwa picha haionyeshi sura, imekwisha kufutwa, au hakuna ajuaye kuitoa. Makala haya yanashikilia kuwa mnunuzi hapaswi kuanza na kamera, bali na maswali matatu: picha itathibitisha nini, itahifadhiwa siku ngapi, na ni nani atakayeitoa?

Picha itathibitisha nini?

Toleo la mwaka 2014 la kiwango cha kimataifa cha IEC 62676-4 lilitoa mwongozo kuhusu suala hili. Ili kumtambulisha mtu asiyejulikana, picha inahitaji pikseli 250 kwa kila mita ya upana wa eneo linaloonekana. Ili kumtambua mtu anayefahamika tayari, pikseli 125 hutosha. Kamera ya kawaida ya megapikseli 2 ina pikseli 1,920 kwa upana. Tukigawanya kwa 250, twapata mita 7.7 hivi. Kamera hiyohiyo ikitundikwa darini na kutazama ua wa mita 30, itatoa pikseli 64 tu kwa mita: tutajua kuwa mtu alipita, bali hatutajua ni nani. Hivyo basi, kamera moja inayotazama lango jembamba kwa karibu ina manufaa zaidi kuliko tatu zinazotazama ua wote kwa mbali.

Itahifadhiwa siku ngapi?

Tuchukulie jumba lenye kamera 8, kila moja ikituma megabiti 2 kwa sekunde. Kamera moja hujaza gigabaiti 21.6 kwa siku. Zote nane, takribani 173. Diski ya terabaiti 1 hujaa kabla ya siku 6 kwisha, kisha kinasa huanza kufuta picha za zamani ili kurekodi mpya. Mpangaji aliyekwenda mashambani kwa Krismasi akarudi baada ya wiki mbili hatapata chochote. Diski ya terabaiti 4 ingemhifadhia siku 23. Aidha, mfumo wa kubana picha wa H.265, uliotolewa mwaka 2013, unaweza kupunguza mzigo huo kwa karibu nusu ukilinganishwa na H.264 wa mwaka 2003. Ni muhimu pia kinasa kiwe na betri ya akiba, kwani stima inapokatika ndipo giza humfaa mwizi.

Programu

Mnunuzi ana njia mbili. Ya kwanza ni kinasa chenye programu yake ndani: ni rahisi kutumia, lakini huenda kikamfunga mnunuzi kwa kampuni moja. Ya pili ni kompyuta yenye programu maalumu, kama vile ZoneMinder, ambayo ni huria, au Blue Iris, ambayo ni ya kulipia na huhitaji Windows. Njia hii humpa mtu uhuru, ila humtaka awe na fundi wa karibu. Katika njia zote mbili, aulizie kiwango cha ONVIF, kilichoasisiwa mwaka 2008 ili vifaa vya kampuni mbalimbali vielewane. Aidha, nywila ya kiwandani ibadilishwe siku ya kwanza. Mnamo mwaka 2016, programu haribifu iitwayo Mirai iliteka kamera na vinasa vingi duniani kwa kujaribu nywila za kiwandani tu.

Nani atakayeitoa?

Hapa sheria na lugha hukutana. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya hudai cheti kutoka kwa mtu anayehusika na uendeshaji wa mtambo, ili rekodi ya kielektroniki ikubalike mahakamani. Nayo Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 huwapa wanaorekodiwa haki ya kuarifiwa, na kanuni za mwaka 2021 zimetaja uendeshaji wa kamera za ulinzi miongoni mwa shughuli zinazolazimu usajili. Picha za wapangaji, basi, si za kusambazwa katika simu.

Hata hivyo, aketiye mbele ya kioo usiku ni mlinzi, na menyu iliyo mbele yake aghalabu ni ya Kiingereza. Tena, neno "kamera" hutumika kwa mtambo mzima. Mlinzi anapopiga simu kusema kuwa "kamera imeharibika", fundi hajui kama abebe kamera, kebo, kinasa au diski. Istilahi hizi si pambo la kamusi: bila kuzitofautisha, siku moja ya kurekodi hupotea. Karatasi moja ya Kiswahili ibandikwe kando ya kioo: tafuta tarehe, tazama, nakili, andika saa na jina lako.

Hitimisho

Kamera ndicho kifaa cha mwisho kuchaguliwa. Kwanza lipimwe lango, zihesabiwe siku, ateuliwe mhusika. Sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna sehemu yetu katika kazi hiyo: kuandika maelekezo ambayo mlinzi wa Kamakis atayasoma saa nane za usiku na kuyaelewa bila mkalimani.