Kiti na Lugha ya Kiti: Maisha na Kazi ya Sheikh Kaluta Amri Abedi wa Ujiji

Mgeni akifika Ujiji huonyeshwa mahali ambapo Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871. Ipo nyumba ya makumbusho, ipo miembe, na wapo watu wa kueleza habari hiyo mwanzo hadi mwisho. Lakini mgeni huyo akiuliza ni mtoto gani wa Ujiji aliyekuwa Mwafrika wa kwanza kukaa katika kiti cha Meya wa Dar es Salaam, vijana wengi watatazamana. Huko Arusha jina lake linatajwa kila wiki, maana uwanja wa mpira unaitwa Sheikh Amri Abeid. Wengi wanaoingia uwanjani humo hawajui alikuwa nani.

Madhumuni ya makala hii si kumsifu marehemu. Sifa peke yake haimfundishi kada. Tunataka kueleza jambo moja la msingi katika nadharia ya uongozi, nalo ni hili: kumweka mwananchi katika kiti cha mkoloni ni hatua ya kwanza tu ya ukombozi. Hatua ya pili, iliyo ndefu na ngumu zaidi, ni kukibadili kiti chenyewe: sheria zake, taratibu zake na lugha yake. Maisha ya Sheikh Amri, ingawa yalikuwa mafupi, yanaonyesha hatua zote mbili.

1. Ujiji iliyomlea

Sheikh Amri alizaliwa Ujiji mwaka 1924. Ni mwaka ule ule ambao Waingereza waliiibua kutoka katika maji ya Ziwa Tanganyika meli ya Kijerumani iliyozamishwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ambayo mwaka 1927 ilianza kazi kwa jina la Liemba. Bwana mmoja alikuwa ameondoka na mwingine ameingia. Reli iliyojengwa na Wajerumani, iliyofika Kigoma mwaka 1914, sasa ilimtumikia Mwingereza. Kwa mwananchi wa kando ya ziwa, kodi ilibaki kodi na amri ilibaki amri.

Ujiji ilikuwa mwisho wa njia kuu ya misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora. Njia hiyo ilipitisha pembe na ilipitisha watumwa, na hatuna sababu ya kuificha aibu hiyo. Lakini historia ina pande mbili. Njia hiyo hiyo ilileta Kiswahili ziwani. Waha, Wamanyema waliovuka kutoka upande wa Kongo, Wabembe, watu wa pwani na wengineo walikaa mtaa mmoja, wakauziana dagaa na mawese, wakaoana, wakagombana na kupatana kwa Kiswahili. Kwa hiyo mtoto wa Ujiji hakukiona Kiswahili kuwa lugha ya kuazima. Alikipata nyumbani. Na alipokwenda Dar es Salaam aliwakuta Wamanyema wa Kariakoo wakikizungumza pia. Umoja ambao Chama kilikuja kuujenga katika nchi nzima ulikuwa tayari na mbegu zake katika miji ya namna hii.

2. Mwanafunzi wa lugha

Akiwa bado kijana Sheikh Amri alijiunga na Jumuiya ya Waislamu wa Ahmadiyya, akawa mhubiri wake. Alishiriki katika kazi ya kuitafsiri Kurani kwa Kiswahili chini ya Sheikh Mubarak Ahmad, na tafsiri hiyo ilichapishwa Nairobi mwaka 1953. Mwaka 1954 kikatoka kitabu chake, Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Katikati ya miaka hiyo ya 1950 alikwenda kusoma dini Rabwah, Pakistan.

Inafaa kada atazame vizuri kazi hizi mbili za lugha, maana ndizo zilizomwandaa kwa kazi ya siasa. Mfasiri hulazimika kutafuta neno linalobeba maana yote, bila kuipunguza wala kuiongeza. Mtunzi wa mashairi naye hupima kila neno: vina viwiane, na mizani ya mstari itimie, nane upande huu na nane upande ule. Mtu aliyezoea nidhamu hiyo hababaishwi na yule anayesema kwamba Kiswahili hakina maneno ya kutosha kwa mambo makubwa. Anajua kwamba maneno yapo, au yanaweza kupatikana, ikiwa watu wako tayari kufanya kazi.

Madhehebu yake yalikuwa ya watu wachache, na masheikh wengi hawakukubaliana nayo. Tafsiri ile ya mwaka 1953 ilipingwa kwa maandishi na kwa maneno. Pamoja na hayo, Chama cha TANU, kilichoanzishwa tarehe 7 Julai 1954, hakikumuuliza mwanachama anasali wapi. Kilimuuliza kama yuko tayari kupigania uhuru. Hapa tunaona kanuni ya umoja ikifanya kazi katika matendo: tofauti ya itikadi ya dini haikufanywa kuwa tofauti ya kisiasa.

3. Kiti cha Meya

Ili tuelewe maana ya mwaka 1960, lazima tueleze kiti chenyewe kilikuwa nini. Dar es Salaam ilipewa hadhi ya manispaa na kupata Meya mwaka 1949. Kwa miaka mingi wajumbe wa baraza lake walikuwa wa kuteuliwa, na uteuzi ulifuata rangi. Mji nao uligawanywa hivyo hivyo: Uzunguni bustani na barabara za lami, Uhindini maduka, na Uswahilini nyumba za udongo zilizobanana. Mambo ya baraza yaliendeshwa kwa Kiingereza. Watu wengi wa mji hawakuweza kusoma amri zilizowahusu, kuanzia ushuru wa soko hadi masharti ya kujenga nyumba.

Katika nchi nzima mambo hayakuwa tofauti. Uchaguzi wa mwaka 1958 na 1959 wa Baraza la Kutunga Sheria ulimtaka mpiga kura awe na elimu fulani, au wadhifa, au kipato cha pauni 150 kwa mwaka, kisha apige kura tatu: moja kwa Mwafrika, moja kwa Mwasia, moja kwa Mzungu. Katika mkutano wa Tabora wa Januari 1958 TANU iliamua kuingia katika uchaguzi huo pamoja na ubaya wake, ili kuutumia mlango mwembamba kuingia ndani na kuupanua. Tunawakumbusha wanafunzi wetu kwamba uamuzi huo ulibishaniwa vikali, na baadhi ya wanachama walijitenga. Matokeo yalithibitisha hoja ya wengi. Mwaka 1960, katika uchaguzi mkuu, TANU ilipata viti 70 kati ya 71.

Ni katika mwaka huo huo wa 1960 ambapo Sheikh Amri alikuwa Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, akiwa na umri wa miaka 36. Mwenye kanzu wa Ujiji alikaa mahali palipotengenezewa Mwingereza. Watu wa Kariakoo na Ilala walikuwa na haki ya kufurahi.

Lakini tujiulize kwa ukali: ni nini kilichobadilika siku ile? Katika utaratibu ulioachwa na Waingereza, Meya ni mwenyekiti wa baraza. Utendaji ulikuwa mikononi mwa karani wa mji na maofisa wake. Sheria ndogo zilikuwa zile zile, na ramani ya mji ilikuwa ile ile. Mtu alibadilika, chombo kikabaki. Hatusemi hivyo kumdharau Sheikh Amri. Tunasema hivyo kwa sababu makada wengi hata leo hufikiri kwamba kazi imekwisha pale mtu wao anapochaguliwa.

4. Waziri wa Sheria

Mwaka 1963 Sheikh Amri aliteuliwa kuwa Waziri wa Sheria, akimfuatia Chifu Abdallah Fundikira. Hapa ndipo alipopata nafasi ya kukigusa kiti chenyewe.

Mkoloni aliacha ngazi mbili za mahakama. Moja ilikuwa ya Serikali, kwa Kiingereza, yenye mawakili. Nyingine ilikuwa ya wenyeji, chini ya machifu na maliwali. Katika ngazi hii ya pili mtu aliyemtoza mwananchi kodi aliweza kuwa ndiye anayemhukumu kwa kutolipa. Hicho ndicho chombo cha utawala usio wa moja kwa moja: dhuluma ilipitishwa kwa mkono wa mwenyeji ili mwenyewe asionekane.

Mwaka 1963 mamlaka ya kisheria ya machifu yalifutwa. Katika mwaka huo huo ilitungwa Sheria ya Mahakama za Mahakimu, ambayo ilianza kutumika mwaka 1964. Sheria hiyo ilijenga ngazi moja kwa wananchi wote: Mahakama ya Mwanzo, Mahakama ya Wilaya na Mahakama ya Hakimu Mkazi, na juu yake Mahakama Kuu. Na katika Mahakama ya Mwanzo, mahali ambapo mkulima na mvuvi hufikia kwanza, lugha ikawa Kiswahili.

Ilibaki shida ya maneno. Sheria ya Kiingereza ina msamiati uliorundikana kwa karne nyingi. Akiwa Waziri, Sheikh Amri aliisukuma kazi ya kukusanya maneno ya sheria kwa Kiswahili, na Kitivo cha Sheria cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilichokuwa kimeanza mwaka 1961 katika jengo la TANU, kikaiendeleza chini ya Profesa Weston. Orodha hiyo ilichapishwa mwaka 1968. Mengi ya maneno hayo hayakuhitaji kubuniwa. Mdai, mdaiwa, shahidi, kiapo, dhamana, rufaa, hukumu: watu wa Ujiji na wa pwani walikuwa wakiyatumia katika mabaraza yao kabla ya Mwingereza kufika. Kilichokosekana kilikuwa uamuzi wa kisiasa wa kuyapa nguvu ya sheria.

Mwaka 1964 alihamishiwa Wizara iliyoshughulikia maendeleo ya jamii na utamaduni wa Taifa. Hakukaa muda mrefu. Alifariki Bonn, Ujerumani Magharibi, mwezi Oktoba mwaka huo, akiwa na umri wa miaka 40.

5. Kilichobaki

Tuchukue mfano wa mvuvi wa Kibirizi anayegombana na mwenzake juu ya mtumbwi na wavu. Katika Mahakama ya Mwanzo atasema kwa Kiswahili, atasikilizwa kwa Kiswahili, na hukumu ataielewa. Lakini kwa zaidi ya miaka hamsini, shauri lake lilipopanda ngazi kwa rufaa, liliingia katika Kiingereza. Alirudi ziwani na karatasi ya hukumu asiyoweza kuisoma, akamtafuta mtu wa kumwambia kama ameshinda au ameshindwa. Huyo ni raia huru wa nchi huru, lakini mbele ya karatasi ile alikuwa kama baba yake mbele ya Bwana Shauri.

Ni mwaka 2021 ndipo Bunge lilipobadili sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, huku Kiingereza kikiruhusiwa pale haki inapohitaji. Tangu 1964 hadi 2021 ni miaka 57. Tukubali bila kujitetea kwamba huo ni muda mrefu mno kwa Chama kilichokuwa madarakani wakati wote huo. Wataalamu waliozoea Kiingereza hawakuwa na haraka, na makada hawakuwasukuma.

Hata kile kiti cha Meya kina fundisho lake. Kati ya mwaka 1972 na 1974, kwa mpango wa madaraka mikoani, mabaraza ya kuchaguliwa yalivunjwa, likiwamo la Jiji la Dar es Salaam. Nia ilikuwa kuharakisha maendeleo. Matokeo yalikuwa kuongezeka kwa nguvu za maofisa na kupungua kwa sauti ya wananchi, na huduma za miji zikadorora. Mabaraza ya miji yalirudishwa mwaka 1978, na sheria za mwaka 1982 zikaweka upya serikali za mitaa. Mwaka 1984 Mwalimu Nyerere mwenyewe alisema wazi kwamba kuyavunja lilikuwa kosa ambalo asingelirudia. Kujikosoa kwa namna hiyo ni nguvu ya Chama.

Hitimisho

Kutokana na maisha ya Sheikh Amri tunapata mafundisho matatu. Kwanza, kiongozi huandaliwa na kazi halisi kabla ya cheo. Yeye aliandaliwa na lugha. Pili, cheo bila kubadili chombo huzaa sherehe, na sherehe hupita. Tatu, mabadiliko yaliyoanzishwa na mtu mmoja hulala akiondoka, ikiwa Chama hakikuyafanya kuwa kazi ya wote.

Tunashauri matawi na madarasa yajadili maswali yafuatayo. Katika kata yenu, ni nyaraka gani za halmashauri ambazo mwananchi wa kawaida hawezi kuzielewa, hata zikiwa kwa Kiswahili? Nani ananufaika na hali hiyo? Na diwani wenu, tangu akae katika kiti, amebadili nini katika kiti hicho?

Swali hili la mwisho litawaudhi baadhi ya watu. Hata hivyo liulizwe.