Mwindaji Asiyeona Madume

Kibali cha kuwinda, kinachotolewa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, ni ruhusa ya kumtafuta mnyama. Si ahadi ya kumpata. Mwenye kibali wa Mbeya au Iringa ambaye kila siku hukutana na majike ya pongo pekee, azingatie yafuatayo.

Kwanza, wakati. Pongo dume aghalabu hutembea peke yake na mchana hujificha kichakani, karibu na maji. Atafutwe pembezoni mwa vichaka mara kunapopambazuka, au kabla jua halijazama.

Pili, upepo. Mwindaji asogee akiukabili, la sivyo harufu yake itamtangulia.

Tatu, dalili. Atazame nyayo mbichi na vichaka vilivyokwaruzwa kwa pembe. Chini ya miti ambayo nyani huangusha matunda, pongo huja kuyaokota.

Dume ana pembe, jike hana. Asiyeziona pembe waziwazi asifyatue risasi.

Kukata tamaa kusimvushe mtu mpaka. Pori la Akiba la Usangu, mkoani Mbeya, liliingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha mwaka 2008, na ndani ya hifadhi ya taifa hakuna uwindaji. Mwenye kibali athibitishe kwa ofisi ya wanyamapori mipaka ya sasa ya eneo lake. Tochi, mitego ya nyaya na sumu ni marufuku.

Anayemwahidi mwindaji dume kwa malipo yasiyo na stakabadhi anamuuzia kesi, si mnyama.