Kutega kwa Haki: Utunzi wa Vidokezo vya Fumbo la Maneno (2)

Wiki iliyopita tuliangalia mraba wenyewe, tangu Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool, alipochapisha fumbo la kwanza katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913. Leo tuingie kwenye kazi ngumu zaidi: kutunga vidokezo.

Hapa Mangina, mashariki mwa Kongo, kijana wa sekondari hukutana na mraba wa maneno kwa Kifaransa, lugha ya daftari lake, akadhani Kiswahili hakiwezi mchezo huo. Kinaweza, tena kina vyombo vyake. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, yamejaa mafumbo ambayo hadi leo wasomi wanayachambua.

Kitendawili hueleza kitu kwa sura yake: nyumba isiyo na mlango ni yai, basi. Kidokezo cha fumbo hudai zaidi. Lazima kiwe na sehemu mbili, moja ikitoa maana ya jibu, nyingine ikionyesha jibu linavyoundwa, na zote mbili zisomeke kama sentensi moja ya kawaida. Tazama hiki: «Mwenye pesa makini huficha anayesakwa na mvuvi» (herufi 6). Msomaji humwona tajiri mwangalifu. Lakini soma herufi za «pesa makini» bila kujali nafasi iliyopo kati ya maneno, utamkuta SAMAKI amelala humo. Neno «huficha» ndilo lililokuambia utafute ndani.

Sasa angalia «anayesakwa». Ningeandika «kinachosakwa», ngeli ingempeleka mfumbuzi kwenye chombo au kitu kingine, nami ningekuwa nimemdanganya. Katika lugha yetu upatanisho wa ngeli ni sehemu ya haki ya mchezo. Kumpoteza mtu njia kunaruhusiwa. Kumwambia uongo hapana. Derrick Macnutt, mwalimu wa Kigiriki na Kilatini huko Uingereza, aliyetunga mafumbo ya gazeti la The Observer kwa jina la Ximenes tangu 1939 hadi 1971, alisimamia kanuni hiyo kwa ukali, akaiandikia kitabu mwaka 1966. Kila neno katika kidokezo liwe na kazi yake, na lisilo na kazi liondolewe.

Gazeti hilo lilikuwa na shindano ambalo ningependa kuliona kwetu. Wasomaji walipewa neno moja, kila mmoja akalitungia kidokezo, kisha mtunzi akavipima na kutangaza bora. Mrithi wa Ximenes, Jonathan Crowther, aliendeleza desturi hiyo kuanzia 1972 kwa jina la Azed. Jina hilo nalo ni fumbo: ligeuze nyuma-mbele upate Deza, mkuu mmojawapo wa mahakama ya kidini ya Hispania, kama walivyokuwa Torquemada na Ximenes ambao watunzi waliomtangulia walijiita kwa majina yao.

Waingereza hugeuza herufi. Sisi, nadhani, tugeuze silabi, kwa kuwa sikio la Mswahili husikia silabi, na watoto wa pwani wamecheza kinyume kwa njia hiyo tangu zamani. Geuza MALI kwa silabi, upate LIMA. Ndipo nikatunga: «Utajiri ukipinduka, shika jembe» (silabi 2). Utajiri ni mali, kupinduka ni agizo la kugeuza, na «shika jembe» ni amri kama jibu lenyewe lilivyo amri. Mkulima asiyejua lolote kuhusu mafumbo bado ataisoma sentensi hiyo na kuielewa.

Kuunganisha vipande ni rahisi zaidi, na ndiko anayeanza hulegea. «Kaka na duara: Mangina huianika» ni KAKAO, maana herufi O ni duara, lakini nusu ya jibu imeachwa wazi mezani. «Ndugu mkubwa atangulia duara; Mangina huianika» ni bora, kwa sababu sasa mfumbuzi anamtafuta kaka kwanza.

Kabla ya makala ijayo, nawapa neno KAA. Ni mnyama wa majini, ni kipande cha moto, ni amri ya kutulia mahali. Tungeni kidokezo kisichozidi maneno manane, chenye angalau maana mbili kati ya hizo, na kisitumie neno «kaa» lenyewe wala «makaa».