Diski Nne Ndani ya Seva: Uzipange Vipi?

Ofisi imenunua seva yenye diski nne, kila moja terabaiti 8. Mwenye pesa huuliza kwanza: tunapata nafasi kiasi gani? Fundi mzuri naye humuuliza: diski moja ikifa saa nne asubuhi, foleni imejaa kaunta, unataka itokee nini?

Hapo ndipo RAID inapoingia. Mwaka 1988 David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz, wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, walichapisha hoja yao: badala ya diski moja kubwa ya bei ghali, unganisha kadhaa za bei nafuu, na hifadhi taarifa za ziada ili moja ikifa zilizobaki zijaze pengo. Mipangilio waliipa namba, na mafundi wanazitumia hadi leo, pamoja na chache zilizoongezwa baadaye.

RAID 0 tuipite haraka. Inatawanya data kwenye diski zote, kasi inapanda, na moja ikifa kila kitu kimekwenda. RAID 1 huandika kitu kilekile kwenye diski mbili. RAID 10 ni jozi kadhaa za namna hiyo, data ikitawanywa kati yake.

RAID 5 ndiyo yenye hesabu ya kuvutia. Chukua biti tatu, kila moja kwenye diski yake: 1, 0, 1. Diski ya nne huandikwa biti itakayoifanya idadi ya moja kuwa shufwa. Hapa tayari zipo mbili, basi inaandikwa 0. Hiyo ndiyo pariti. Sasa ng'oa diski ya pili. Umebaki na 1, 1 na ile 0 ya pariti. Ili idadi ibaki shufwa, iliyopotea ilikuwa 0, haiwezi kuwa vingine. Rudia hesabu hiyo mabilioni ya mara na diski nzima inarudi. RAID 6 huongeza hesabu ya pili, kwa hiyo inavumilia vifo viwili.

Kwa diski zetu nne, RAID 5 inatoa terabaiti 24. RAID 6 na RAID 10 zinatoa 16. Mwenye pesa atataka 24. Mimi simshauri.

Sababu ni saa za kujenga upya. Diski mpya ikiandikwa kwa kasi ya megabaiti 200 kwa sekunde, bila kupumzika, terabaiti 8 huchukua zaidi ya saa 11, na seva yenye watumiaji huchukua muda mrefu kuliko huo. Muda wote huo RAID 5 haina kinga yoyote, huku diski tatu zilizobaki zikisomwa mwanzo hadi mwisho: terabaiti 24. Diski nyingi za kawaida hutoka kiwandani na kiwango cha juu cha kosa moja la usomaji kwa kila takriban terabaiti 12.5. Nyingi hufanya vizuri kuliko hapo, lakini sioni kwa nini hesabu za ofisi zitegemee bahati. Tena diski zilizonunuliwa siku moja mara nyingi ni za toleo moja na zimechoka pamoja. Kwenye RAID 10, anayesomwa ni mwenzake wa jozi peke yake.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalitaji. Diski ya kompyuta ya mezani ikikuta sehemu mbovu, inaweza kung'ang'ania kuisoma kwa dakika nzima au zaidi. Linux kwa kawaida husubiri sekunde 30, kisha huihesabu diski hiyo imekwama, na inaweza kutupwa nje ya safu ya RAID ingali hai. Nunua diski zilizotengenezwa kwa ajili ya seva. Hizo hukata tamaa baada ya sekunde chache, na safu inaichukua data kwa diski nyingine.

Ukishafunga, jaribu. Kwenye Linux yenye mdadm, programu inayosimamia RAID, fungua faili la /proc/mdstat: safu nzima huonyesha [UUUU]. Itangaze diski moja kuwa imekufa, na utaona herufi moja imegeuka kistari, [UU_U]. Angalia kama barua pepe ya tahadhari imekufikia. Isipofika, kazi haijaisha, kwa sababu safu iliyopoteza diski huendelea kufanya kazi kimya na hakuna atakayejua hadi ya pili ife. Panga pia ukaguzi wa safu nzima kila mwezi, na umeme wa akiba, maana umeme ukikatika katikati ya kuandika, data na pariti huweza kutofautiana.

Na nakala rudufu? Bado unazihitaji, tena nje ya jengo. Mhasibu akifuta faili, RAID hulifuta kwenye diski zote kwa uaminifu uleule.

Kwa hiyo mwambie mwenye pesa: RAID 10, terabaiti 16, na diski ya tano ikae kabatini tangu siku ya kwanza.