Mtoto wa Mbwa au Mbwa Mzima: Hesabu ya Mwenye Konde Pemba

Kisiwani Pemba mbwa hafugwi kwa pambo. Anafugwa kwa kazi: kulinda mahindi, mihogo na ndizi dhidi ya tumbili, au kufuatana na wasasi wanaowinda nguruwe mwitu. Mwenye konde anapohitaji mbwa, mara nyingi huenda kwa jirani ambaye jike lake limezaa, akamchagua aliyechangamka kuliko wenzake, akamtia ndani ya pakacha na kurudi naye nyumbani. Haimgharimu kitu, au humgharimu kidogo tu. Imani iliyo nyuma ya uchaguzi huo inaeleweka: mtoto wa mbwa atakua akimjua bwana wake mmoja, atafundishika, na hatakuja na tabia mbaya alizozichukua kwa watu wengine. Naona hesabu hii ina kasoro kubwa. Kwa nyumba nyingi za Pemba, mbwa mzima anayejulikana mtaani na aliyekwisha kuchanjwa ni chaguo bora kuliko mtoto wa mbwa, na sababu iliyo nzito kuliko zote inahusu usalama wa watu, hasa watoto wetu.

Tuanze na kazi yenyewe. Mtoto wa mbwa huhitaji kukaa na mama yake takriban wiki nane. Akitolewa mapema, hakosi maziwa tu, hukosa pia mafunzo ambayo binadamu hawezi kuyatoa vizuri: akimng'ata ndugu yake kwa nguvu, ndugu hulia na mchezo huvunjika, na hivyo ndivyo anavyojifunza kuzuia taya lake. Baada ya hapo anataka kulishwa mara tatu au nne kwa siku, kwani tumbo lake ni dogo na mwili unakua kwa kasi. Huwa na minyoo karibu tangu kuzaliwa, kwa sababu baadhi ya minyoo huvuka kutoka kwa mama hadi kwa mwana tumboni, na mayai yake yakiingia kinywani mwa mtoto anayechezea udongo, naye huambukizwa. Maradhi ya kuharisha damu yanayoletwa na kirusi cha parvo huweza kumuua kwa siku chache. Akivuka yote hayo, kati ya mwezi wa 4 na wa 7 hung'oka meno 28 ya utotoni yakaota 42 ya ukubwani, na katika miezi hiyo hutafuna kila alichokikuta, kuanzia viatu na kamba hadi mikono ya watoto. Mpaka anakaribia mwaka mmoja hajawa mlinzi wa kutegemewa, na kundi la tumbili halimwogopi mbwa anayemkimbilia kila kipepeo. Msimu mzima wa mavuno unaweza kupita mwenye konde akiwa bado juu ya dungu, akipiga kelele mwenyewe huku akimlisha mlinzi ambaye hajaanza kazi.

Hata hivyo, gharama ya chakula na ya viatu vilivyotafunwa ni ndogo mbele ya suala la kichaa cha mbwa, na hapa Pemba ina historia ambayo kila mfugaji angepaswa kuijua. Utafiti ulioongozwa na Kennedy Lushasi wa Taasisi ya Afya ya Ifakara, uliochapishwa mwaka 2023, ulifuatilia ugonjwa huu kisiwani kuanzia 2010 hadi 2020. Watafiti waliwafuatilia watu na wanyama waliong'atwa, kisha wakasoma vinasaba vya virusi ili kujua nani kamwambukiza nani. Walikuta minyororo mitano ya maambukizi ikizunguka kisiwani tangu 2010. Kampeni za kila mwaka za kuchanja mbwa kisiwa kizima zilipoanza na kuboreshwa, minyororo yote mitano ilikatika kufikia Mei 2014. Kisha chanjo ikasita. Mwishoni mwa 2016 virusi vikaingia upya mara mbili kutoka nje ya kisiwa, mlipuko ukatokea, na haukuzimwa mpaka Oktoba 2018, baada ya kampeni kurudishwa kuanzia Micheweni hadi Mkoani. Chanjo anayopewa mtu aliyeng'atwa humwokoa yeye, nayo ni lazima apewe. Inayokata mnyororo ni chanjo ya mbwa peke yake.

Mtoto wa mbwa anaingiaje katika habari hiyo? Wataalamu hupendekeza kuchanja asilimia 70 ya mbwa katika kila kampeni. Ugonjwa huu hausambai kwa kasi ya surua, kwa kuwa mbwa mmoja mgonjwa kwa wastani huambukiza wenzake wasiofika wawili, kwa hiyo kinga ya chini ya hapo ingeweza kutosha kwa siku ile ya kampeni. Asilimia 70 inatakiwa kwa sababu kinga ya kijiji hupungua mwezi hadi mwezi. Chukua mfano wa kijiji chenye mbwa 10, saba kati yao wakiwa wamechanjwa. Katika mwaka mmoja watatu wa waliochanjwa wakifa na watoto wanne wakazaliwa, kijiji kimebaki na mbwa 11, na wenye kinga ni wanne tu. Hakuna aliyekataa chanjo wala aliyefanya uzembe, bali waliokuwa na kinga wameondoka na waliokuja badala yao hawana. Hilo ndilo pengo ambalo virusi vilivyoingia kwa chombo vinaweza kulipita. Pengo lenyewe hupanuka kwa mazoea: mwenye mbwa huwapeleka wakubwa kwenye chanjo na kuwaacha wadogo nyumbani, kwa kuwa zamani aliambiwa asubiri mpaka watimize miezi mitatu. Ushauri wa sasa wa Shirika la Afya Duniani ni kuwachanja mbwa wote wanaoletwa, wadogo kwa wakubwa, kwani imethibitika kwamba hata mwili wa mtoto wa mbwa hujenga kinga.

Kuna jambo lingine linaloumiza zaidi. Mtoto wa mbwa anayeugua kichaa hafanani na picha tuliyonayo ya jibwa linalotoka mate na kukimbiza watu. Anaweza kuonekana amelegea tu, au anang'ata kwa namna inayodhaniwa ni mchezo. Meno yake ya utotoni ni membamba kama miiba, na mkwaruzo wake kwenye kidole cha mtoto haumtishi mzazi, hufutwa kwa kanga yakaisha. Lakini mate ya mbwa huweza kubeba virusi siku kadhaa kabla dalili hazijaonekana, na dalili zikishajitokeza kwa binadamu, karibu kila mara mwisho wake ni mauti. Kila mkwaruzo wa jino la mbwa unastahili kuoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha safari ya kituo cha afya siku hiyohiyo. Nyumba yenye mtoto wa mbwa ina mikwaruzo ya namna hiyo kila wiki, ilhali nyumba yenye mbwa mzima mtulivu inaweza kumaliza mwaka bila hata mmoja.

Atakayepinga atakumbusha kwamba samaki mkunje angali mbichi. Methali ina hekima yake, na sayansi inaiunga mkono kwa sehemu. Mwaka 1965 John Paul Scott na John Fuller walichapisha nchini Marekani matokeo ya miaka mingi ya kuwachunguza mbwa, wakaonyesha kwamba wiki ya 3 hadi ya 12 ndicho kipindi mbwa anapoamua, kwa kusema hivyo, ni viumbe gani wa kuaminiwa. Lakini matokeo hayo yanamgeuka mpinzani. Kama ubichi huisha karibu na wiki ya 12, na mbwa hapaswi kutoka kwa mama kabla ya wiki ya 8, basi mfugaji amebakiwa na kama mwezi mmoja tu. Akimpata mtoto wa miezi minne aliyekulia kichakani, au akimchukua mdogo kisha akamfunga kamba nyuma ya banda mpaka akue, amepata ulezi usiokunja chochote. Mbwa mzima, kwa upande wake, hajafunga mlango wa kujifunza. Hushika jina jipya, njia mpya na mipaka ya konde jipya, na utulivu wake humwezesha kufuata funzo refu kuliko mdogo. Zaidi ya hayo, tabia yake inaonekana wazi, ilhali ya mtoto unaibashiri tu.

Uzito wa dini nao haupaswi kurukwa, kwa sababu kwa familia nyingi ndio unaoamua. Walio wengi hapa ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii, ambao kwao mate ya mbwa ni najisi nzito inayooshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Sheria hiyohiyo inamruhusu mbwa wa kulinda mazao, wa mifugo na wa kuwinda. Ruhusa hiyo ina mahali pake, yaani kondeni, na mtoto wa mbwa ni mgumu kumweka mahali. Anatafuta joto usiku, anafuata harufu ya jiko, analamba chungu kilichoachwa uani na kujipenyeza penye mkeka wa kusalia. Mama wa nyumba ndiye anayebeba kazi ya kutwaharisha, mara nyingi bila kuulizwa alipoletwa huyo mbwa. Mbwa mzima aliyezoea kulala kondeni hana haja ya kuingia uani.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni hili: mbwa mzima naye anaweza kuja na kichaa. Ni kweli, maana ugonjwa hukaa mwilini kimya kwa wiki kadhaa, mara nyingi mwezi mmoja hadi mitatu. Ndiyo maana sisemi mbwa mzima yeyote. Nasema mbwa wa jirani anayehama au aliyeacha kulima, mwenye historia unayoijua na cheti cha chanjo iliyotimiza walau mwezi mmoja, kwani kinga huhitaji wiki tatu hadi nne kujijenga. Nenda umtazame kwake zaidi ya mara moja. Mwangalie akila kuku wakimpita, mtoto akikimbia mbele yake, mgeni akiingia. Uliza kama amewahi kung'ata, na kama amebadilika ghafla siku za karibuni muache na umjulishe bwana mifugo. Mbwa wa kuletwa kwa dau kutoka Tanga au Unguja, mkubwa kwa mdogo, asishuke Wete wala bandari nyingine bila karatasi ya chanjo. Yaliyotokea 2016 yametosha kuwa ushahidi.

Nakubali kwamba wasasi wana hali yao. Mbwa wa msasi hujifunza kwa kufuatana na mbwa wakongwe wa kundi, na hapo mtoto ana walimu ambao mkulima mwenye mbwa mmoja hana. Nakubali pia kwamba watoto wa mbwa wataendelea kuzaliwa na lazima mtu awalee. Lakini wengi huzaliwa kwa sababu majike yameachwa tu, kisha hugawiwa kwa yeyote anayekubali. Afadhali wazaliwe wachache, wapelekwe kwa wanaojua wanachokichukua. Kwa hiyo, wewe unayetafuta mlinzi wa konde msimu huu, muulize kwanza sheha au bwana mifugo kama kuna mbwa mzima anayehitaji pa kwenda. Na ukiamua kumchukua mtoto hata hivyo, siku chanjo itakapotangazwa katika shehia yako usimwache nyumbani kwa kuwa ni mdogo. Mbebe umpeleke, hata kama ana wiki sita.