Mtengeneza Filamu Akae na Wenyeji: Rai Yetu kwa Same

Tangu Tamasha la Kimataifa la Filamu la Zanzibar lilipoonyesha picha zake za kwanza mwaka 1998, sisi watu wa visiwani tumejifunza jambo ambalo wenzetu wa bara hawajalifaidi vya kutosha. Picha zile hazikubaki Ngome Kongwe mbele ya wageni na wakubwa peke yao. Zilipelekwa mashamba, Unguja na Pemba, zikaonyeshwa hadharani, na mwananchi asiyepata kukanyaga ukumbi wa senema akazitazama bila ya kulipa senti. Wakati huo huo mjini watengenezaji wa filamu waliotoka nchi mbalimbali walikaa katika warsha na mijadala, wakaulizwa maswali, na mara nyengine wakatoka jasho kuyajibu.

Mambo hayo mawili, picha kwenda kijijini na mtengenezaji kukaa kitako akaulizwa, ndiyo tunayotaka yaunganishwe na yapelekwe Same.

Msomaji wetu wa Makunduchi au Micheweni atauliza: Same inatuhusu nini sisi? Twamjibu kwamba tamasha letu lilijiita tangu mwanzo Tamasha la Nchi za Jahazi, na bidhaa za jahazi hazikuishia ufukweni. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Pangani kwenda Kilimanjaro ilipita chini ya Milima ya Upare, na Wapare waliuonja uchungu wa biashara ile. Tena yeyote aliyepanda basi la Dar es Salaam kwenda Moshi ameupita mji wa Same, akaiona milima upande mmoja na mbuga kavu upande wa pili, asishuke. Na katika wilaya hiyo kuna mahali paitwapo Kisiwani, ingawa bahari iko mbali nao kweli kweli.

Watu wa milima ile si wageni wa kukusanyika. Wao wana msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, na wana ndiva, yale mabwawa madogo ya kukusanyia maji ya mifereji usiku ili mashamba yanyweshwe mchana kwa zamu. Mtu asipofika kwenye kazi ya ndiva huulizwa na wenzake. Jamii yenye desturi hiyo haihitaji kufundishwa jinsi ya kuandaa mkutano wa watu mia tano uwanjani.

Wala hawahitaji kufundishwa kusema. Mwaka 1945 maelfu ya Wapare waliteremka kutoka milimani wakakusanyika Same, makao ya mkuu wa wilaya wa Kiingereza, kupinga kodi iliyoitwa mbiru. Hawakukataa kulipa kodi. Walikataa mtindo wa kumkadiria kila mtu mali yake, wakataka kiwango kimoja kwa wote. Walikaa pale kwa majuma mengi wakipokezana, na mwaka uliofuata wanawake wa Usangi nao wakaandamana. Mwishowe kodi ile ikaondolewa. Profesa Isaria Kimambo aliiandika habari hiyo katika kitabu kilichotoka mwaka 1971, na wanaopenda historia wameisoma. Lakini ni vijana wangapi wa Same wanaopita kila siku katika mji ule ule na kujua kwamba babu zao walilala hapo?

Sasa tazameni jambo hili. Miaka kumi kabla ya mbiru, katika milima jirani ya Usambara, mahali paitwapo Vugiri, Waingereza walianzisha jaribio la kutengeneza filamu kwa ajili ya Waafrika. Lilidumu kuanzia mwaka 1935 hadi 1937, likiongozwa na Meja Notcutt na Bwana Latham, kwa fedha zilizotoka zaidi katika shirika la Carnegie la Marekani. Zilitengenezwa filamu fupi zaidi ya 30, zikazungushwa kwa gari katika Tanganyika, Kenya, Uganda na nchi nyengine. Ziliwafundisha watu kuhusu safura, malaria, chai, benki ya posta, na moja ilieleza faida ya kulipa kodi! Waafrika waliigiza, lakini shabaha ya kila picha iliamuliwa na wengine. Hatusemi kwamba somo la safura lilikuwa baya. Twasema kwamba mtazamaji alihesabiwa kuwa mwanafunzi tu, na Wapare walionyesha mwaka 1945 kwamba somo la kodi walikuwa na majibu yake.

Baada ya Uhuru Taifa lilishika chombo hicho mikononi mwake. Kampuni ya Filamu Tanzania iliundwa mwaka 1968, na katika miaka ya 1970 ikatoa filamu kama Fimbo ya Mnyonge iliyohusu maisha ya Ujamaa. Mwaka 1985 ikaja Arusi ya Mariamu ya Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill, habari ya mwanamke mgonjwa na mganga wa kienyeji. Filamu ya namna hiyo ikionyeshwa Mbaga au Gonja, hapana shaka mabishano yatakayofuata yatakuwa marefu kuliko picha yenyewe, maana ina dakika zisizofika arobaini. Na wazee wapewe nafasi ya kusema kwa Chasu, kijana mmoja akatafsiri.

Wapo watakaosema kwamba wananchi wa Same wanahitaji maji na barabara, si senema. Ni kweli wanahitaji. Lakini hatujaona bado kijiji kilichonyimwa bomba kwa sababu ya kutazama picha usiku mmoja. Wengine, hasa wazee wenzetu wa dini, watahofia maadili. Hofu hiyo tunaiheshimu, na twawaomba watazame vibanda umiza vilivyojaa kila mji, ambamo watoto hutazama wanayoyataka bila ya mtu mzima karibu. Onyesho la hadharani, mbele ya mzee wa kijiji, shehe na mchungaji, lina ulinzi mkubwa zaidi.

Kwa viongozi wa Serikali tuna maneno ya wazi. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inataka kibali, na ni haki. Kisiwe kazi ya miezi kwa onyesho lisilo na kiingilio. Mgeni naye asije Jumamosi akaondoka Jumapili. Alale milimani siku tatu nne, ale makande pamoja na wenyeji, aonyeshe kazi yake na kuulizwa kwa nini aliifanya vile. Kama amekuja na kamera, nakala ya alichokipiga ibaki katika skuli au maktaba ya wilaya. Tumechoka kuona sura za watu wetu zikisafiri Ulaya na wao wenyewe wasizione. Maandishi ya Kiingereza chini ya picha hayamsaidii bibi wa Chome, basi atafutwe msimulizi hodari wa Kiswahili, kazi ambayo vijana wa vibanda wanaimudu vizuri sana kuliko wanavyosifiwa.

Gharama si ya kutisha. Tamasha la Zanzibar kwa desturi hufanyika katikati ya mwaka, wakati masika yamekwisha na njia za kupanda Mbaga zinapitika. Wageni huwa wamekwisha kuingia nchini kwa nauli zao, na kutoka Dar es Salaam hadi Same ni safari ya basi ya siku moja. Kinachobaki ni jenereta, turubai, vipaza sauti, na barua moja ya Ofisi ya Utamaduni ya Wilaya kwenda kwa waandaaji wa tamasha, iandikwe mapema kabla ratiba yao haijafungwa. Siku ya kwanza ingefaa iwe siku ya gulio, na iwe Same mjini, pale pale walipokaa watu wa mbiru.